Kurasa Alizoziruka Kalekye

Kabiria,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Mwalimu Ephantus Kibe,

Bwana asifiwe, Mwalimu. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na kuku wako, maana nyuma ya kitabu kuna picha yako umebeba jogoo kama mtu aliyebeba mtoto wa ubatizo.

Mimi ni Kalekye, mama Nzau, nashona yunifomu za shule hapa Kabiria. Tulikutana mwaka juzi kwenye maonyesho ya vitabu kule Westlands. Nilikuwa na kitenge cha kijani. Nilikushika mkono nikakaa nao, mpaka yule kijana wa mlangoni akaanza kuniangalia vibaya. Wewe huenda umesahau, mimi sijasahau. Ningekupigia simu, lakini kitabu kinasema mwandishi hapokei simu za wasomaji, wamwandikie. Basi nimeandika. Sanduku la posta nililoandika nyuma ya bahasha ni la kanisa letu.

Shule nilifika darasa la nane. Kiswahili kingine chote nimefundishwa na Debra wako. Watu wakiniuliza Debra ni nani, nawaambia: ni mama mwenye baa pale Kona Mbovu, mdomo wake ni wembe, anauza pombe kutwa, na jioni anabishana na Mungu kama mtu anayebishana na jirani juu ya ua. Kitabu cha kwanza nilikisoma mpaka jalada likabanduka, nikalishona kwa uzi wa jinzi. Cha pili, *Debra Hana Haraka*, hicho sitasema mengi. Kimekaa nami.

Kila Alhamisi mchana akina mama wa ushirika wetu wanakuja kibandani kwangu. Mmoja anafuma, mwingine anamenya njegere, na mimi nasoma kwa sauti. Ndiyo starehe yetu. Kwa hivyo niliposikia kuna Debra mpya, nilienda mjini mwenyewe kumchukua. Nikarudi nimekumbatia mfuko.

Sasa Mwalimu, nitasema polepole. *Debra na Njia Nyembamba* kimetushinda.

Sura ya pili tu ameokoka. Sura ya tatu amefunga baa, ameweka mkahawa wa chai, na hakuna mteja hata mmoja anayelalamika kuhusu chai. Ochola, yule aliyeondoka na friji ya Debra, anasamehewa kwa mstari mmoja. Debra hagombani, hachoki, wala hasahau kufunga geti. Mama Beryl alilala na njegere mapajani. Nyokabi, ambaye hana breki, akasema, "Huyu si Debra. Hii ni tangazo ya mkutano wa injili, imekosa tu picha ya nabii na namba ya simu."

Mimi nimeokoka tangu nikiwa msichana. Kitabu kama hicho kilipaswa kunifurahisha kuliko wote. Sikufurahi.

Sina jingine. Nilitaka ulisikie kwa mtu anayekupenda kabla hujalisikia kwa mtu mbaya. Usijisumbue kujibu.

Ni mimi,
Kalekye, mama Nzau


Uthiru,
Jumanne, 18 Februari 2025

Kwa Bi. Kalekye,

Umesema nisijisumbue kujibu. Nimejisumbua.

Kwanza, mimi si mwalimu. Nilikuwa karani wa bohari mjini mpaka nilipostaafu. Pili, jogoo yule alikufa. Tatu, barua yako ilitoka Kabiria ikaenda mjini, ikalala huko, halafu ikarudi Uthiru, na kutoka kwako hadi kwangu ni mwendo ambao mbuzi angeumaliza kabla ya chai ya saa nne.

Nakukumbuka vizuri sana. Kitenge kilikuwa cha samawati. Na nakumbuka ulichosema, kwa sababu nimeishi nacho tangu siku hiyo. Ulisema: "Tunakupenda, tunakusoma kwa ushirika, lakini kuna kurasa naziruka, maana Mama Mchungaji huwa ameketi hapo." Ukacheka, ukaenda zako kutafuta soda.

Mimi sikucheka. Mwandishi kuambiwa kurasa zake zinarukwa ni kama mpishi kuambiwa wageni walikula vizuri ila walitema nyama. Nilirudi nyumbani nikavifungua vitabu vyangu, nikawa najiuliza: ni huu? Ni huu? Nilijiona mzee wa ovyo anayewapelekea mama za watu harufu ya pombe ndani ya maombi yao.

Kwa hivyo nikaandika kitabu kisicho na cha kuruka. Hiyo ndiyo *Njia Nyembamba*. Nilimwosha Debra, nikamvisha kilemba, nikamleta mlangoni kwenu ili mtu asome kutoka juu mpaka chini bila kuona haya. Niliwaandikia ninyi. Mhariri wangu aliniuliza kama naumwa.

Na sasa mnalala.

Sina hasira. Labda kidogo.

Wako,
E. Kibe


Kabiria,
Jumanne, 4 Machi 2025

Mwalimu Kibe (nitaendelea kukuita hivyo, zoea),

Nimecheka mpaka sindano ikanidunga. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nimeona nilichofanya na mdomo wangu.

Sikiza nikueleze kuruka kwetu kulivyo. Nikiwa nasoma, nikiona walevi wa Debra wanakaribia kutukanana, au yule dereva wa lori anamnong'oneza jambo, nakohoa. Nakohoa mara moja, nafungua mbele, naendelea. Kila mtu anajua maana ya kikohozi. Mikono inaendelea na njegere, hakuna anayeinua uso. Lakini jioni wakitawanyika, mtu anabaki nyuma mlangoni: "Mama Nzau, hebu niazime hiyo kitabu, kuna mahali nilipoteza." Ni foleni, Mwalimu! Nyokabi akikirudisha, kinajifungua chenyewe palepale nilipokohoa. Mama Beryl alikirudisha na doa la mchuzi palepale.

Mtu mmoja tu hajawahi kuazima, Mama Mchungaji. Yeye ni mtulivu, anafuma soksi zake, hatusumbui. Namkoholea kwa heshima, kama vile unavyompangusia mgeni kiti hata kama hakina vumbi. Hakuna mtu aliyewahi kusema kurasa zile ni mbaya. Hakuna aliyekuomba umwoshe Debra.

Tena nani alikwambia waliookoka hawagombani? Nyokabi na Mama Beryl hawakusalimiana tangu Krismasi hadi juzi kwa ajili ya sufuria kubwa ya kanisa. Walikuwa wanapeana amani ya Bwana ibadani kwa vidole viwili. Hao ndio ungewaandika.

Basi nimekuelewa. Ulikuwa na nia njema, na mimi nilikuwa na domo. Tumalizie hapo. Tumeanza kitabu cha mtu mwingine, kinaitwa sijui nini cha mlimani. Ni kizuri kidogo.

Nakuombea afya,
Kalekye


Ofisi ya kanisa, Kabiria,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mzee Kibe,

Wewe hunijui. Mimi ni Yvonne Ndegwa, mke wa mchungaji. Yule anayekoholewa, kama Kalekye amekusimulia.

Barua za sanduku letu hupitia mikononi mwangu. Sijafungua yako, Mungu ni shahidi, lakini jina lako nyuma ya bahasha nimeliona, na Kalekye alipoipokea nilimwona uso ukimshuka. Kwa hivyo nimeamua kukuandikia bila yeye kujua, na nakuomba ibaki hivyo.

Nianze na ungamo dogo: vitabu vyako vyote ninavyo. Nilivinunua mjini, kila kimoja siku ambayo nilisema naenda kuangalia kitambaa cha mapazia. Nimevifunika kwa kalenda ya zamani ya kanisa. Mchungaji anajua, huvichukua nikimaliza. Kwa hivyo Kalekye akikohoa, mimi najua yule dereva wa lori anasema nini. Nainamia soksi yangu ili nisicheke. Usimwambie. Anapenda sana kuniheshimu, sitaki kumpokonya.

Sasa kilichonifanya niandike. Alhamisi ile tuliposoma *Njia Nyembamba* mara ya mwisho, Kalekye alikohoa akaruka. Nikashangaa. Hakuna pombe ndani ya kitabu hicho, hata ya kupaka kidonda. Nikaenda nyumbani nikatafuta kwenye nakala yangu. Ni ule ukurasa Debra amepiga magoti anatubu. Anatubia ile siku ya kitabu cha pili, aliporudi kutoka kumzika mtoto wake, akafunga baa, akaketi kwenye kiti cha wateja, akamwambia Mungu: "Leo sikuombi kitu. Nimekuja tu kukaa." Katika hiki kipya anasema ile haikuwa sala, kilikuwa kiburi, anaomba asamehewe.

Mzee, mwaka Kalekye alipofiwa na mume wake Mutiso, tulienda kwake kila siku kumwombea. Tulipaza sauti, unavyojua. Yeye hakufungua mdomo. Nilianza kuogopa kwamba imani yake imeisha. Siku moja nilimkuta kwenye cherehani, hashoni, ametulia. Nikamuuliza, "Unafanya nini, mama?" Akanijibu, "Nimekaa tu na Mungu." Nilidhani ni maneno yake. Baadaye sana, nikisoma kitabu chako, nikajua aliyatoa wapi.

Wiki iliyopita aliniletea mfuko. Ndani mna Debra wake wote, hata yule aliyeshonwa kwa uzi. "Mama, pelekea makao ya watoto." Watoto! Debra! Nikapokea. Viko chini ya kitanda changu.

Hatakuambia haya. Atakutumia salamu na kukuombea afya hadi siku ya mwisho. Lakini amevunjika, na wewe ndiye uliyemvunja, na sidhani unajua.

Katika Kristo,
Yvonne Ndegwa


Uthiru,
Jumatano, 26 Machi 2025

Dada Kalekye,

Hujaniuliza kitu, na tayari umepata mwandishi mwingine wa mlimani. Vumilia barua hii moja.

Katika *Njia Nyembamba* kuna mahali Debra anatubia ile siku aliyokaa na Mungu bila kuomba chochote. Nataka ujue siku hiyo ilitoka wapi. Sijamwambia mtu, hata Mwaura mwanangu.

Mke wangu Janice alipofariki, nilirudi kazini mapema kuliko ilivyofaa. Nilikuwa siwezi kula. Unajua kule mjini saa saba mchana: watu wa maofisi wanaacha chakula wanaingia ibada ya mchana, suti na viatu vya visigino, wanaimba haraka ili wawahi kurudi. Mimi si mtu wa kanisa. Naenda kukiwa na harusi au jeneza. Siku hiyo niliingia kwa sababu kulikuwa na viti.

Mhubiri alikuwa anapaza sauti. Mama mmoja wa kukaribisha wageni akaniletea kijikaratasi na kalamu: "Mzee, andika hitaji lako, tutaliombea." Nikakirudisha kitupu. "Huna hitaji?" Nikamwambia, "Leo siombi kitu. Nimekuja tu kukaa." Alinitazama kama mtu aliyeingia hotelini akakataa kuagiza. Lakini aliniacha. Nikakaa. Nikarudi kesho yake nikakaa tena. Sijui ni nini kilitokea pale, ila baadaye niliweza kula.

Maneno hayo nilimpa Debra, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kubaki nayo. Sikujua kama ni sala au ni utovu wa adabu. Halafu wewe ukaja Westlands, mama wa maombi, ukasema kuna kurasa unaziruka. Nikawa na hakika ni huo. Nikajiambia, hawa ndio wanaojua kuomba, wamesoma pale wakaona mtu anamkosea Mungu heshima, wakapita. Basi nikamtubisha Debra. Ilikuwa rahisi kuliko kutubu mimi.

Swali langu ni moja. Ule ukurasa wenyewe, wa kitabu cha pili, Debra alipokaa. Mliuruka?

Nijibu ukweli, hata kwa neno moja. Ukisema ndiyo, nitaacha kuandika nifuge kuku, na sitakulaumu.

Ephantus Kibe


Kabiria,
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mzee Kibe,

Hapana.

Hilo ndilo neno moja. Sasa nina mengine.

Sijui ni nani aliyekuelekeza kuuliza swali hilo. Inaweza kuwa Roho Mtakatifu. Inaweza pia kuwa mtu anayeshika ufunguo wa sanduku la posta. Sitachunguza.

Ukurasa ule sijawahi kuuruka. Nimeusoma mbele ya akina mama wote, mikono ikasimama, njegere zikakaa. Mama Beryl aliniomba niurudie. Mimi mwenyewe nilikutana nao mara ya kwanza mwaka Mutiso alipokufa. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa kuniombea. Nawapenda, lakini kila mmoja alitaka niseme amina kwa jambo ambalo sikuwa nalo. Eti Mungu ana mpango. Eti nishukuru. Nilifikiri kama sina la kusema, basi imani imenitoka, nimebaki kuigiza. Ndipo nikasoma Debra ameketi kwenye kiti cha wateja. Nikaweka kitabu chini. Nikakaa kwenye kiti changu cha cherehani, nikamwambia Mungu hivyohivyo. Na Mungu alikaa, mzee. Mimi nilikuwepo, nakuambia alikaa.

Nimeomba hivyo mara nyingi tangu wakati huo. Siku ambazo nina maneno, naomba na maneno. Siku ambazo sina, nakaa.

Halafu wewe unaniletea kitabu, Debra amepiga magoti, anasema ile ilikuwa dhambi. Nani alikupa ruhusa? Ulitoa kitu nyumbani kwako, ukakitupa nje, mimi nikakiokota nikaishi nacho miaka, na sasa unarudi unasema samahani kilikuwa kimeoza. Nilipofika hapo Alhamisi ile nilikohoa nikaruka. Nilirudi nyumbani nikajaribu kukaa na Mungu nikashindwa, nikawa najisikia kama mtu aliyeketi kwenye sofa la wenyewe bila kukaribishwa. Nilitoa vitabu vyako vyote. Sikutaka kukuambia. Nilisema huyu ni mzee, ana kuku, nimwache.

Na sasa unaniandikia kwamba hata wewe hujui ilikuwa nini! Kwamba ulikuwa umekaa tu, na njaa yako, saa saba mchana!

Nimekasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona jambo. Mimi nilikuwa nakuamini kama mtu anavyomwamini daktari. Nilifikiri wewe unajua, unatuandikia dawa. Kumbe wewe ulikuwa kwenye foleni pamoja nasi, na karatasi yako tupu. Basi ile imani ya daktari imeisha, nakuambia kweli, sitakudanganya kukufurahisha. Sitafungua kitabu chako tena nikitafuta ruhusa ya kuomba. Haikuwa kazi yako kunipa, na haikuwa yako kuninyang'anya.

Jana baada ya ibada nilikaa tena. Ilikubali.

Mzee, hukumkosea Mungu. Yule mama wa karatasi alikuacha, na yeye ni binadamu. Mungu angekufukuza?

Njoo Alhamisi ya baada ya Pasaka, saa nane. Uliza kibanda cha Mama Nzau karibu na kisima cha maji, mtu yeyote atakuonyesha. Usije kama mwandishi. Hatuna kiti cha mwandishi.

Kalekye


Uthiru,
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mama Nzau,

Tangu niache kazi sijaambiwa ukweli mwingi hivyo ndani ya alasiri moja.

Nyokabi alinikalisha, akanipa njegere za kumenya, akaniambia Ochola hawezi kusamehewa kwa mstari mmoja: "Mimi kumsamehe Mama Beryl, na ni sufuria tu, nilimaliza miezi miwili mizima. Wewe friji nzima unataka mstari?" Mama Beryl naye akanihakikishia kwamba usingizi wake haukuwa dharau, siku hiyo alikuwa amechoka. Nikashukuru. Akaongeza, "Lakini pia kitabu ilisaidia."

Mliponiomba nisome kutoka kitabu cha pili, nakala niliyokuja nayo, niliona heshima. Sikujua nitafika kwa yule dereva wa lori. Ulikohoa, nikasimama, kidole kwenye mstari kama mtoto wa shule. Na Mama Mchungaji, bila kuinua macho kwenye soksi yake, akamalizia sentensi. Neno kwa neno, mama! Hata mimi niliyeiandika sikuikumbuka vizuri namna hiyo. Sijui kama kuna kicheko kama kile kimewahi kusikika Kabiria, fundi wa viatu alikuja mlangoni kuuliza kama kuna mgonjwa. Uso wako ulikuwa wa mtu ambaye amegonga mlango miaka mingi, kumbe uko wazi.

Halafu ule mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwamba mtaniambia nifunge kwa sala, na njiani nilikuwa nimekariri maneno fulani ya kutoaibika. Hamkuniambia. Mliweka kazi zenu chini, mkakaa. Nje mtu alikuwa anachota maji. Sijui kama mmezoea kufunga hivyo, au mlinifanyia mimi. Usiniambie.

Jambo jingine. Nimeanza kuandika. Debra amerudi, na amekasirika. Amesimama nje ya mkahawa wa chai, anataka ufunguo wa baa yake, na anauliza ni nani aliyempigisha magoti kwa jambo ambalo halikuwa kosa. Kila nikikaa mezani ananiuliza hilo tu. Na hataki kuendelea na hadithi mpaka nimjibu.

Wako,
Ephantus, baba Mwaura


Kabiria,
Jumatatu, 5 Mei 2025

Baba Mwaura,

Mfuko wangu wa vitabu umerudi. Mama Mchungaji ameuleta mwenyewe, anasema kila akienda makao ya watoto anakuta yamefungwa. Nimemwambia pole kwa safari. Yule wa uzi wa jinzi alikuwa juu, na ndani yake kulikuwa na kipande cha sufu ya soksi, kimewekwa kama alama ya ukurasa. Nimekiacha palepale.

*Njia Nyembamba* bado ni kibaya, sijabadilisha. Ila tumeamua kukimaliza, kama vile tunavyomaliza chai ya mwenzetu hata akizidisha majani. Nyokabi sasa anakisoma kwa sauti ya mhubiri wa stendi, na ghafla kinapendeza. Samahani.

Kuhusu Debra, mwambie ukweli. Mwambie uliogopa watu wa kanisa. Usimpambie, usimtafutie neno kubwa, Debra amekaa na walevi maisha yake yote, mtu mwoga anamjua kabla hajaagiza. Atakutukana vizuri kwanza. Mwache amalize. Halafu mpe ufunguo wake utoke njiani. Na usituandikie sisi. Ukijikuta unatufikiria, funga kalamu uende kwa kuku.

Mimi niko sawa. Nataka ulijue hilo, kwa sababu najua utakuwa unajiuliza. Kazi ya muhula mpya imeingia, sketi za kijani, natandaza vitambaa asubuhi na naimba. Siku nyingine siimbi.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu zamu ya kuleta mandazi ni yako, tumekuingiza kwenye zamu na hukuwepo kujitetea. Usinunue pale kona, Nyokabi atajua kwa kugusa tu. Kama hujawahi kukanda unga, pita Jumatano mchana. Meza yangu ya kukatia vitambaa ni pana, tutaifuta tukandie hapo.

Kalekye